Kuku wa Maonyesho: Hatari Kubwa Iko Safari ya Kurudi

SWALI: "Assalaam alaykum daktari. Niko Kisauni, nafuga kuku wa kienyeji kama 40 na makuchi sita, wale kuku warefu, nyuma ya nyumba. Nataka kupeleka jogoo mmoja wa kuchi na tembe wawili (majike wachanga) kwenye maonyesho ya kilimo ya Mkomani, hapa Mombasa. Jirani yangu aliwahi kupeleka wake, wakarudi wazima kabisa, na baada ya wiki mbili banda zima likaisha. Aliyebaki ni yule jogoo wa maonyesho peke yake. Wangu wamechanjwa kideri. Niende au niache? Na nikienda nijikinge vipi?"

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nenda, lakini kwa masharti mawili. La kwanza, kuku wote wa nyumbani wawe wamechanjwa upya kabla hao watatu hawajatoka. La pili, uwe na mahali pa kuwaweka kando siku 30 watakaporudi. Ukikosa moja kati ya hayo, mwaka huu nenda Mkomani ukatazame kuku wa wenzako, wako waache nyumbani.

Nianze na jirani yako, kwa sababu lile neno la kwamba aliyesafiri ndiye aliyebaki linaeleza mengi. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoitwa pia Newcastle, humkinga kuku asiugue na asife. Haimzuii kuambukizwa. Jogoo mwenye kinga nzuri akikutana na virusi kwenye maonyesho hubaki anawika, anakula, upanga mwekundu, huku virusi vikitoka kwenye kinyesi na makamasi yake kwa siku kadhaa, pengine wiki na zaidi. Kideri huchukua siku 2 hadi 15 tangu kuku aambukizwe hadi dalili zitoke, mara nyingi siku tano au sita. Sasa piga hesabu: jogoo anarudi Jumapili, analala na wenzake usiku huo huo, wa kwanza anaambukizwa katikati ya wiki, anazubaa wiki inayofuata, naye anawaambukiza waliobaki. Hapo ndipo zinapotimia zile wiki mbili. Jogoo wa jirani alikuwa na kinga. Waliobaki nyumbani hawakuwa nayo, au ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo ukiniambia kuku wamechanjwa, mimi nauliza lini, na ni wangapi kati ya wote. Chanjo ya I-2, ile inayovumilia joto na ambayo ndiyo inayowafaa wafugaji wa nyuma ya nyumba huku Pwani, inatakiwa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kuku aliyechanjwa Februari akaachwa hivyo hivyo, mwezi wa Agosti mhesabu kama asiye na kinga. Na vifaranga walioanguliwa baada ya mchanjaji kuondoka hawajachanjwa hata kidogo, ijapokuwa daftari linasema "banda limechanjwa."

Kosa jingine ni la mkono. Chanjo ya tone la jicho inataka kitone kimoja kwa kila kuku, chupa ikiwa imesimama wima, na usimwachie kuku mpaka apepese jicho na tone lizame. Ukimtupa haraka anatikisa kichwa na tone linaishia kwenye leso yako. Usiishike chupa kiganjani muda mrefu ikapata joto, usiiache juani, na ibebe kwenye thamosi yenye barafu hata kama ni aina inayovumilia joto. Kuvumilia joto maana yake haiharibiki upesi kama nyingine. Si kwamba unaweza kuiweka kwenye dashibodi ya tuktuk. Kumchanja kuku kwa maji ya kunywa kunaleta shida zaidi Mombasa: maji ya mfereji yana klorini inayoua chanjo, ya kisima mara nyingi yana chumvi na kuku wanakunywa kidogo kidogo, kila mmoja kwa kipimo chake. Kwa kuku 46, tone la jicho ndilo la kutegemea.

Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi, mia na kuendelea, kwa hiyo watu hushirikiana mtaa mzima kuchangia gharama. Ni jambo zuri sana, ila yule mchanjaji naye anatoka banda hadi banda na mikono ile ile na viatu vile vile. Mwambie aanze na kwako ikiwa kuku wako ni wazima, anawe mikono kwa sabuni mlangoni, na avae champali zako. Na msikusanye kuku wa nyumba kumi uwanja mmoja ili kurahisisha kazi. Mtakuwa mmefanya maonyesho yenu wenyewe, yasiyo na daktari mlangoni.

Kideri ndicho kinachoua upesi, lakini kuna magonjwa yanayorudi kimya kimya na kukaa miaka. Mafua ya kuku, yale ya uso kuvimba na makamasi yenye harufu mbaya, hutokea haraka, siku moja hadi tatu baada ya kukutana na mgonjwa. Kuku aliyepona hubaki na bakteria na kuwaambukiza wengine. Kikohozi cha mykoplazma ni kibaya zaidi kwa mfugaji wa mbegu, kwa sababu kinapita ndani ya yai hadi kwa kifaranga, na huamshwa na uchovu: safari, kelele, joto, kukosa maji. Ndiyo maana kuku anaweza kutoka kwako akiwa hajawahi kukohoa, akarudi anakoroma, na wewe ukalaumu jirani wa tundu kumbe alikuwa nacho tangu nyumbani. Homa ya matumbo ya kuku nayo hupita kwenye yai. Hiyo inapimwa: daktari wa mifugo anachukua tone la damu ya kuku, analichanganya na dawa ya kipimo kwenye kibao cheupe, na baada ya muda mfupi majibu yanaonekana kwa macho, mchanganyiko ukiganda vipande vipande au ukibaki laini. Omba kipimo hicho kabla ya chanjo ya homa ya matumbo, maana chanjo inaweza kuvuruga majibu.

Ndui ya kuku huku kwetu huenezwa na mbu, na pia kwa kugusana na magamba ya vidonda. Kuchi ana ngozi nyingi iliyo wazi usoni na kifuani, na mabaka yake huonekana mapema kuliko kwa kuku mwenye manyoya mengi. Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi, ni wa vifaranga wa wiki tatu hadi sita, lakini virusi vyake hukaa miezi kwenye banda na vinastahimili sabuni na dawa nyingi. Kuku mkubwa haugui, ila anaweza kukuletea vumbi lake kwenye miguu na manyoya. Ukiwa na vifaranga nyumbani wakati wa maonyesho, hilo lisikutoke akilini.

Sasa ratiba. Wiki nane kabla, chagua kuku, watenge na wenzao, na umwite daktari kwa kipimo cha homa ya matumbo. Usichague watatu tu, chagua watano, kwa sababu mmoja atanyonyoka manyoya na mwingine atachechemea. Wawe wamepita wiki 16. Vifaranga na kuku mwenye watoto hawana kazi Mkomani. Wiki sita kabla, chanja ndui kwenye utando wa bawa kwa ile sindano ya ncha mbili. Siku ya saba hadi ya kumi angalia palipochomwa: lazima pawe na uvimbe mdogo au kigamba. Pasipo na alama, chanjo haikushika, rudia. Ukiichelewesha, kuku atafika maonyesho bado ana kigamba, na daktari wa mlangoni atakuwa na haki ya kumrudisha.

Wiki nne kabla, kideri kwa kuku wote, wa safari na wa nyumbani, siku moja. Wasiozidi wiki mbili tangu kuchanjwa usiwapeleke. Kinga haijakomaa, na baadhi ya chanjo hai huleta mkohoro kidogo kwa siku chache, ukashindwa kujua ni chanjo au ni ugonjwa. Wiki hiyo hiyo wape dawa ya minyoo kwa kipimo cha kwenye lebo, na usile wala kuuza mayai mpaka siku zilizoandikwa ziishe.

Wadudu wa ngozi wanataka raundi mbili. Mshike kuku usiku kwa tochi, mpindue, fungua manyoya ya chini ya mkia na kwapani. Chawa utawaona wakikimbia, rangi ya majani makavu, na mayai yao yamegandamana kwenye mashina ya unyoya kama uji uliokauka. Utitiri mwekundu hutamuona mchana juu ya kuku, kwa sababu hunyonya usiku na kujificha kwenye nyufa za mbao. Pitisha karatasi nyeupe chini ya kitulio asubuhi, ukiona alama nyekundu za damu, wapo. Viroboto wa kuku hujibandika karibu na macho na upangani na hawang'oki kwa kupangusa. Tumia unga wa dawa uliosajiliwa kwa kuku, kisha rudia baada ya siku saba hadi kumi, kwa sababu dawa haiui mayai na kizazi kipya huanguliwa baada ya wiki. Paka dawa na kwenye nyufa za banda. Ukimpaka kuku peke yake, atapanda tena kitulioni usiku huo na kuanza upya.

Makaratasi yanachukua muda, usiyaache mpaka siku ya mwisho. Nenda ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako uchukue cheti cha afya na kibali cha kusafirisha. Sheria ya Kenya ya magonjwa ya wanyama, sura ya 364, inampa daktari wa serikali mamlaka ya kuzuia mifugo kutembea, na panapotangazwa mlipuko hata cheti cha jana hakikusaidii. Ikiwa katika siku 30 zilizopita kuku yeyote kwako amekufa bila sababu inayojulikana, au amekohoa, au ameharisha kijani, usipeleke hata mmoja. Kuku wako wanakwenda kulala kando ya kuku wa watu waliotoka Kilifi, Kwale na hata Lamu, na wao wanakuamini kama wewe unavyowaamini.

Usafiri. Usiazime tenga la broka wa kuku. Matenga ya makuti na ya fito yanayokwenda soko la Kongowea kila alfajiri yamebeba kuku kutoka kila upande, na kinyesi kimeingia kwenye misuko ambako brashi haifiki. Hakuna dawa itakayolisafisha tenga hilo. Nunua kreti ya plastiki, jogoo mmoja kwa kreti, kimo kitakachomruhusu kuchi asimame bila kukunja shingo. Chini tandika maranda makavu ya mbao kiasi cha vidole vitatu. Safiri baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, na usichangie gari na kuku wa mtu mwingine. Tuktuk ikiwa ndiyo usafiri, muulize dereva amebeba nini jana. Akisema alibeba kuku wa soko, fagia na ufute sakafu kwa dawa kabla ya kupakia.

Nieleze kuhusu dawa, kwa sababu wengi hupoteza jiki yao bure. Klorini huisha nguvu inapokutana na uchafu. Kreti yenye kinyesi ukiimwagia jiki umeosha kinyesi, virusi vya chini yake viko salama. Kwanza kwangua na kufagia. Pili sugua kwa maji na sabuni ya unga mpaka plastiki ionekane. Suuza. Ndipo uweke jiki, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, iache imelowa dakika kumi, suuza tena, kisha anika juani mchana kutwa. Changanya mpya kila siku, ya jana tupa. Usichanganye na dawa ya choo wala siki, itatoa hewa ya sumu. Beseni la dawa mlangoni mwa banda lina faida ikiwa viatu vinaingia safi. Kama vina matope, mtu anachovya matope tu. Kwa mfugaji wa nyumbani, mimi naamini zaidi jozi ya champali isiyotoka nje ya banda kuliko beseni lolote.

Mkomani penyewe, fika na vyombo vyako vya chakula na maji, vilivyoandikwa jina lako, na dumu la maji kutoka nyumbani. Ukipewa nafasi kwenye matundu ya ghorofa, omba ya juu, au omba trei, kwa sababu tundu la chini hupokea kinyesi na vumbi la juu yake. Ukiona pengo la kutosha kati ya matundu, shukuru. Ukiona nyavu zimegusana na kuku wanadonoana, weka kipande cha plywood au karatasi ngumu katikati. Mwombe msimamizi kwa upole kwamba jaji anawe au apake dawa mikononi kati ya kuku na kuku. Jaji mzuri hataudhika. Taulo, brashi ya manyoya, mafuta ya kupaka miguuni, visiazimwe wala kuazimisha, na hapo adabu yetu ya Kipwani hutuponza, maana kumnyima mtu kitu kidogo kunaonekana ubahili. Sema mapema kwamba daktari amekukataza. Watoto wa shule watapita wengi kuona jogoo wa kuchi. Wasimguse, na wakimgusa wanawe mikono, kwa sababu salmonela humpata mtu na kideri huweza kumpa mtu macho mekundu kwa siku kadhaa.

Tena angalia anayefuata kwenye mstari wako. Kuku anayefumba macho mchana, anayepumua kwa mdomo wakati wengine hawapumui hivyo, mwenye povu kwenye kona ya jicho, au anayeharisha kijani kibichi, mwarifu daktari wa maonyesho papo hapo. Usiogope kuonekana mchokozi.

Sasa nije kwenye jambo linalokuhusu wewe wa Kisauni kuliko mtu wa Lamu. Kwako ni karibu. Mtu wa mbali analala na kuku wake mpaka maonyesho yaishe, lakini wewe utarudi nyumbani kila jioni, na ukifika utakwenda moja kwa moja kuwatazama wale arubaini, kuwapa maji, kuokota mayai, ukiwa na nguo ile ile uliyoinamia nayo matundu ya watu. Safari ya kurudi niliyoitaja kwenye kichwa cha jibu hili kwako haitokei mara moja mwishoni, inatokea kila siku ya maonyesho. Gawanyeni kazi. Wewe shika wa maonyesho. Wa nyumbani ashike mtu mwingine, mume, binti au shangazi, ambaye hatatia mguu Mkomani siku hizo. Ukifika jioni, viatu viache nje ya geti, nguo ziingie kwenye maji ya sabuni, oga pamoja na nywele, na bado banda lisubiri mpaka kesho yake baada ya maonyesho kwisha. Simu yako pia umeishika na mikono ile ile. Ifute.

Watakaporudi, siku 30 kando. Siku 21 zinatosha kwa kideri peke yake. Zile za ziada ni kwa ajili ya mykoplazma, mafua na wadudu. Kando maana yake mita 10 au zaidi kutoka banda kubwa, chombo chake, ufagio wake, champali zake. Maonyesho yakiangukia Agosti au Septemba kama ilivyo desturi, upepo ni wa kusi, unatoka kusini. Basi tundu la karantini liweke upande wa kaskazini wa banda, upepo upitie kwa kuku wazima kwanza ndipo uende kwa waliosafiri. Msimu wa kaskazi ungegeuza. Ninajua ploti za Kisauni zilivyobanana, na mita 10 nyingine zimekwisha kuwa nyumba ya mtu. Kama huna nafasi, njia mbili zinafaa: ndugu wa Mtwapa au popote asiye na kuku akuhifadhie mwezi mmoja, au uwaweke juu ya slabu ya nyumba, chini ya kivuli cha makuti, na wavu pande zote. Chini ya ngazi karibu na banda hapafai.

Kila siku anza na kuku wazima, malizia na wa karantini, kisha usirudi nyuma. Usiku, saa tatu hivi, kuku wakiwa wametulia, simama kimya nje ya tundu dakika tano bila tochi na usikilize. Mkoromo mwembamba kama maji yanayochemka mbali, au chafya kavu, husikika usiku siku kadhaa kabla hujauona mchana. Asubuhi mshike mmoja mmoja, mbonyeze pua kwa vidole viwili taratibu: kamasi likitoka, linuse. Angalia kinyesi cha usiku chini ya kitulio, kijani chenye maji ni habari mbaya. Pima chakula, maana kuku anaacha kula kabla hajaanza kuzubaa. Mayai ya tembe akianza kutaga ndani ya mwezi huo kuleni yakiwa yameiva, msiyaatamishe.

Kuna kipimo kizuri kisicho na gharama. Siku ya 15, chukua mapora (kuku wachanga) wawili wa nyumbani ambao uliwaacha makusudi bila chanjo, hao wawili tu kati ya kuku wako wote, waweke tundu moja na waliosafiri. Wakibaki wazima mpaka siku ya 30, fungua mlango kwa moyo mtulivu. Wakiugua, umepoteza wawili na umejua kilichokuwa kinakungoja. Waliochanjwa hawafai kwa kazi hii upande wa kideri, kwa sababu hawataonyesha kitu.

Kunguru. Hakuna mwongozo wa kigeni utakaokutajia kunguru kwa uzito unaotakiwa Mombasa. Wanakula mizoga kwenye jaa la Mwakirunge na matumbo ya kuku kwenye mapipa ya vibanda vya kuchinjia, kisha wanakuja kunywa kwenye sahani ya kuku wako. Chakula na maji viwe ndani, chini ya paa, na wavu wenye matundu ambayo kichwa cha kunguru hakipiti. Njiwa vile vile: wanabeba aina yao ya virusi vya kideri, kwa hiyo anayefuga njiwa na kuku asiwalishe pamoja. Bata wasikae na kuku kabisa, hasa wakati kuna taarifa za mafua ya ndege, kwa sababu bata anaweza kubeba virusi hivyo bila dalili. Januari 2017 Uganda ilithibitisha H5N8, aina moja ya mafua hayo ya ndege, kwenye fukwe za Ziwa Victoria, na Kenya ikazuia kuku na bidhaa zake kutoka huko. Tahadhari hiyo ikitangazwa tena, maonyesho ya kuku ndiyo ya kwanza kufungwa, nawe usibishane. Na matumbo na manyoya ya kuku wa kununua usiwatupie kuku wako, kideri huingia kwa mlango huo pia.

Kuku akifa karantini, usimchinje mwenzake ukauza, wala usimtupe Tudor Creek. Piga simu ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo, maana kideri na mafua ya ndege ni magonjwa ya kuripotiwa kwa sheria. Mzoga mpya ufunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, uweke kwenye barafu bila kuugandisha, ufike maabara ya uchunguzi wa mifugo ya kanda, Mariakani, ndani ya siku moja. Mzoga uliolala juani hautoi jibu. Mizoga mingine izikwe kina cha mita moja na chokaa juu, mbali na kisima. Huku Pwani kuna mwamba wa matumbawe na maji ya karibu, kwa hiyo mahali pengi kuchoma ndiyo njia rahisi zaidi. Banda likishaoshwa na kutiwa dawa, likae tupu wiki tatu au zaidi kabla ya kuweka mwingine.

Nimalizie na ushauri ambao wafugaji wa mbegu huupinga. Kama jogoo huyo wa kuchi ndiye baba wa banda lako lote, usimpeleke. Mpeleke mwanawe, mwenye umbo zuri, ambaye ukipata mnunuzi Mkomani utamuuza hapo hapo na asirudi kabisa. Muuzie mtu anayejua kwamba naye anamhitaji siku 30 kando, na mweleze hivyo kabla ya kupokea pesa. Nawe ukishawishika kununua jogoo wa mtu kwenye tundu la jirani, karantini yake ni ile ile. Baada ya maonyesho, hasa ukipata ribbon, watu watakuja kwako kuona makuchi. Mtoe mmoja kwenye kreti safi, mwonyesheni barazani, nje ya geti, wakae wanywe kahawa. Bandani asiingie mtu aliyetoka kwa kuku wengine siku hiyo, hata awe fundi wa kuchagua jogoo anayejulikana mji mzima.